Karani wa mizani na hesabu za droni

Droni ya mtoto wa ndugu yangu ilizama saa kumi na robo jioni, mbele ya Shela hapa Lamu, siku ya mashindano ya mashua ya Januari. Kaskazi ilikuwa kali. Kijana, kwa tamaa ya kuipata mashua ya mbele ikigeuza tanga, alikuwa ameipeleka chini kuelekea mlango wa bahari kuu, kisha ikabidi irudi ikipigana na upepo. Betri ikasoma asilimia 18, halafu 11, halafu ukaanza ule mlio.

"Ami, inarudi," akaniambia, bila kuondoa macho kwenye simu.

Ilikuwa hairudi. Ilikuwa imesimama angani kama mwewe, panga zake zinazunguka kwa nguvu zote na haisogei hata dhiraa. Halafu ikashuka taratibu, kwa adabu, ikakaa juu ya maji kama inayotaka kutawadha, ikazama. Watoto wa Shela walipiga mbizi mpaka magharibi. Mkondo ulikuwa umeshaichukua.

Hiyo ilikuwa ya tatu. Ukiingia kwenye ukurasa wake utakuta harusi, Maulidi, mashua zimelala ubavu kwa upepo, ngome ikipigwa na jua la asubuhi. Video zaidi ya arobaini, zote safi. Mgeni akitazama ataapa kwamba droni ni chombo kisichoanguka. Zile tatu zilizozama hazina video, kwa sababu video zilizama nazo.

Naanza na kisa hiki kwa sababu jioni zangu siku hizi zinaisha uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, kwenye kahawa tungu na ubishi wa vita vya Ukraine. Tuko wazee sita au saba, na kila mmoja ana simu yenye vita vyake. Yuko wa Urusi, yuko wa Ukraine, na yuko mmoja ambaye kila wiki yuko na aliyeshinda. Simu inazungushwa: kifaru kinakwenda, droni inakishukia, moto. "Umeona? Kimekwenda hicho!" Mimi nilishawahi kusema, "Hicho ulituonyesha juzi," akakasirika mpaka kahawa ikapoa. Lakini kweli kilikuwa kile kile. Kilikuwa na mti uliovunjika pembeni.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye banda la samaki kwa miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilo: nani, chombo gani, samaki gani, uzito gani. Mvuvi anaweza kukwambia aliyoyaona baharini, na mengine ni kweli tupu, lakini daftari halikuwa na safu ya maneno. Samaki asiyepanda mizani hajavuliwa. Kazi hiyo imeniharibu. Sisikii tarakimu bila kuuliza imepimwa wapi.

Tuanze na tarakimu ya milioni. Juni 2025 mmoja wetu alikuja mbio barazani: Warusi milioni moja wameuawa! Alikuwa ameisikia redioni. Jeshi la Ukraine lilikuwa limetangaza kweli kwamba hasara ya askari wa Urusi imepita milioni moja, ila hesabu hiyo inajumuisha waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Kiingereza kina neno moja la kuwabeba wote wawili, na wafasiri wetu wa habari, kwa haraka ya saa moja jioni, wanawazika majeruhi wote. Aliyekatika kidole yuko kaburini, na aliyejeruhiwa mara mbili amekufa mara mbili. Kosa hili nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikisikia "wameuawa" kwenye habari za vita nasubiri nisome mahali pengine.

Wenye vita wenyewe hawasaidii. Urusi ilitaja wafu wake Septemba 2022, waziri wa ulinzi wa wakati huo akisema ni 5,937, kisha mlango ukafungwa. Rais Zelensky wa Ukraine alisema Desemba 2024 kwamba Ukraine imepoteza askari 43,000 waliouawa, na wengi hata huko kwao waliiona ni ndogo. Sishangai. Hapa kwetu tunajua mambo hayo. Kambi ya jeshi ya Manda Bay, hapa Lamu, iliposhambuliwa alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, moshi ulionekana kabla ya habari kufika, na mchana ule Lamu nzima ilikuwa na idadi zake. Al-Shabaab walitoa tamko lao lenye tarakimu nono. Waliothibitishwa kufa upande wa Marekani ni watatu, askari mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi, na ripoti ya uchunguzi ya jinsi ilivyokuwa ikatoka Machi 2022, zaidi ya miaka miwili baadaye. Miaka miwili kwa shambulio moja la asubuhi moja, na sisi barazani tunataka hesabu ya jana ya mstari wa mbele wenye urefu wa zaidi ya kilomita elfu.

Wapo wanaofanya kazi ya mizani, nami nawavulia kofia. Kundi la Oryx, lililoanzishwa na vijana wawili wa Ulaya, linahesabu vifaa tu: vifaru, mizinga, magari, ndege. Kwao kifaru hakijafa mpaka kiwe na picha, na kila picha inalinganishwa na zilizotangulia ili kifaru kimoja kisihesabiwe mara nne kwa sababu kimepigwa picha kutoka pande nne. Wana safu zao: kilichoteketea, kilichoharibika, kilichotelekezwa, kilichotekwa. Nilipoziona safu zile nilihisi nimekutana na ndugu. Mapema mwaka 2025 jeshi la Ukraine lilikuwa linadai limeangamiza vifaru vya Urusi zaidi ya 10,000, na orodha ya Oryx ilikuwa haijafika 4,000. Mtu wa haraka atasema mmoja ni mwongo. Mimi nasema mmoja anaandika aliyoambiwa na wavuvi, mwingine anaandika yaliyopanda mizani, na samaki wa kweli wako katikati, wengine wameliwa na papa kabla ya kufika bandarini.

Kwa watu, kazi hiyo wanaifanya Mediazona, tovuti ya habari ya Warusi, pamoja na BBC ya Kirusi. Wanahesabu majina: tangazo la msiba kwenye ukurasa wa kijiji, kaburi jipya lenye bendera, mwalimu mkuu anayemwomboleza mwanafunzi wake wa zamani. Mapema 2025 walikuwa wamepita majina 90,000, na wenyewe wanasema ni sehemu tu. Mediazona wakishirikiana na wenzao wa tovuti ya Meduza waliingia pia kwenye daftari la mirathi la Urusi, wakatazama ni wanaume wangapi wa umri wa vita ambao warithi wao wamefungua faili kuliko kawaida. Hapo niliweka simu chini kidogo. Serikali inaweza kumficha maiti, lakini mjane anataka nyumba iandikwe jina lake.

Sasa droni.

Tatizo la droni kwa karani ni kwamba ni silaha inayokuja na shahidi wake mfukoni. Mzinga ukipiga kilomita ishirini mbele, aliyepiga haoni kitu. Bomu la kutegwa ardhini halina macho kabisa. Droni inaona, inarekodi, na kabla ya jioni iko kwenye simu za Mkunguni. Kwa hiyo tukihesabu kwa video, droni itakuwa imeshinda kila vita, hata vile ambavyo kazi kubwa ilifanywa na bomu bubu la ardhini.

Ilitokea wazi Juni 2023, karibu na Orikhiv, siku za mwanzo za mashambulizi makubwa ya Ukraine. Leopard, vifaru vya Kijerumani, na Bradley, magari ya deraya ya Kimarekani, ziliingia kwenye uwanja wa mabomu ya ardhini, zikakwama zimebanana. Mabomu ndiyo yaliyozishika. Baada ya hapo zikaja helikopta, zikaja droni, na kila aliyekuja akaja na kamera, rundo lile lile la magari likaonyeshwa kutoka kila pembe kwa siku kadhaa kama kwamba ni marundo kumi. Siku zile zile Urusi ikatoa video ya Leopard nyingine zikiteketezwa, na waliotazama kwa utulivu wakaona ni mashine za shamba. Nguru aliyeshikwa na ndoana akamaliziwa kwa kulabu ni wa nani? Bandani ugomvi huo niliuamua mara nyingi: ni wa ndoana. Mwenye kulabu anapewa kichwa.

Video yenyewe ina tundu katikati, na tundu hilo watazamaji wengi hawalioni. Zile droni ndogo za kujilipua, ambazo rubani wake huvaa miwani akaona kile inachokiona droni, hazionyeshi mlipuko wake. Kifaru kinakua, kinakua, unaona mpaka tope la kwenye minyororo, halafu chenga. Chenga zile zile za televisheni za zamani. Hapo watu wanashangilia. Lakini chenga zinaweza kuwa mlipuko, zinaweza kuwa mtambo wa adui umekata mawimbi hatua ya mwisho, au kilipuzi kimegoma na droni imejigonga tu kama kombamwiko kwenye taa. Ndiyo maana vikosi makini huweka droni ya pili juu, inayotazama kwa mbali. Na hata hiyo ya pili inaona moshi tu. Kifaru kinachofuka moshi saa nane mchana kinaweza kuvutwa usiku, kikashonwa, kikarudi baada ya wiki tatu na kuuawa upya.

Februari 2025 taasisi ya utafiti wa mambo ya ulinzi ya RUSI ya London ilitoa ripoti iliyoandikwa na watafiti waliokwenda kukaa na vikosi vya Ukraine. Humo mna tarakimu mbili ambazo nimezizungusha kichwani kwa muda mrefu. Ya kwanza: kati ya asilimia 60 na 80 ya droni hizo za kujilipua za Ukraine hazifiki kwenye shabaha. Ya pili: droni za mstari wa mbele ndizo zinazohusika na asilimia 60 hadi 70 ya vifaa vya Urusi vilivyoharibiwa na kuteketezwa. Barazani kila mmoja alichukua tarakimu yake akaenda nayo. Wa Urusi akasema droni ni mdoli, wa Ukraine akasema droni ndiyo mfalme wa vita.

Nikawaambia zote mbili ni kweli, na aliyewahi kukaa bandani hapaswi kushangaa. Dema, ile mitego ya samaki, nyingi hupanda tupu, na bado samaki wengi wa sokoni wanaweza kuwa wa dema, kwa sababu dema ziko nyingi na ni rahisi. Maofisa wa Ukraine walisema mwaka 2024 walitengeneza droni zaidi ya milioni 2. Mwanzoni mwa mwaka huo huo makombora ya mizinga yalikuwa haba kwao, msaada wa Marekani umekwama bungeni. Ukiwa na mzinga usio na kombora, droni itaonekana mfalme, maana ndiyo peke yake iliyokuja kazini. Fungu la droni katika hasara za adui linakueleza ubora wake, ndiyo, lakini linakueleza pia mizinga ilikuwa na njaa kiasi gani wiki hiyo. Hilo ndilo kosa ninaloliona hata kwa wachambuzi wa kulipwa: wanachukua fungu na kuliita uwezo.

Na ile hesabu tamu ya bei, droni ya dola 500 imeua kifaru cha dola milioni kadhaa! Dola 500 ni kama elfu sitini na tano za Kenya, bei ya simu nzuri. Sawa. Lakini tuseme moja kati ya nne ndiyo inayofika, na tuseme kifaru chenye vizimba vya chuma kinahitaji nne au tano zilizofika. Umeshatumia droni kumi na sita, ishirini. Ongeza marubani, walinzi wao, gari, droni ya kutazama, antena, betri. Bado ni rahisi, sikatai. Ila ile bei ya kwanza ilikuwa bei ya ndoana bila mashua.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walimkabidhi mtaalamu wa hesabu, Abraham Wald, swali la ndege zinazorudi na matundu ya risasi: tuongeze chuma wapi? Wengi wangesema penye matundu mengi. Wald akaonyesha kinyume. Ndege zilizopigwa pale pasipo na matundu hazikurudi kutuonyesha. Na tarehe 15 Septemba 1940, siku kubwa ya mapigano ya anga juu ya Uingereza, Waingereza walitangaza wameangusha ndege 185 za Wajerumani. Baada ya vita, daftari za Wajerumani wenyewe zikaonyesha kama 60. Marubani wale hawakuwa waongo. Watatu walipiga ndege moja, kila mmoja akaiona ikianguka, kila mmoja akaandika moja.

Sasa mpe rubani wa namna hiyo malipo kwa kila picha. Ukraine imeanzisha utaratibu wa pointi: kikosi kinapeleka video, inakaguliwa, kinapata pointi, na kwa pointi hizo kinajinunulia droni zaidi. Naelewa ujanja wake, kila aliye hodari anaongezewa zana. Ila nimeona banda likilipa zaidi kwa kamba mawe, na mwezi wa pili hakuna aliyekuwa anavua tafi. Kinacholipwa kwa picha kitatafutwa, na lori la vyakula lililogeuzwa njiani bila moto wowote halina pointi za kupigania.

Hapo ndipo ninapogeuka upande wa pili, nikawakera hata waliokuwa wanatikisa vichwa kuniunga mkono. Droni inahesabiwa kupita kiasi kwa inavyoua, na inahesabiwa pungufu kwa inavyozuia.

Juni 2014 yalipotokea mashambulizi ya Mpeketoni, ikaja amri ya kutotoka usiku na uvuvi wa usiku ukafungwa. Ninalo bado daftari la mwaka ule. Hakuna mashua iliyozama kwa amri ile. Hakuna wavu uliochanika. Ukiniuliza hasara ya vyombo nitakuandikia sifuri. Lakini kurasa zimejaa nafasi nyeupe: jina la nahodha, dashi, dashi, dashi. Wengine waliuza mashine zao za boti. Mmoja alikwenda kuendesha bodaboda bara na hajarudi baharini mpaka leo.

Mstari wa mbele wa Ukraine siku hizi umejaa dashi. Kilomita kumi au zaidi kila upande, gari halitembei mchana. Vifaru vimefichwa nyuma, vingine vinatumiwa kama mizinga ya mbali tu. Warusi wameshambulia kwa pikipiki, bodaboda tupu, na mwanzoni mwa 2025 zikaonekana picha za punda wakiwabebea risasi. Siku ile baraza lilicheka mpaka wapita njia wakasimama. Mji huu umebebwa na punda mchanga, makuti, saruji na mitungi ya gesi, na leo dola yenye mabomu ya nyuklia imekuja kwetu kusoma. Lakini punda yule ndiye kipimo kizuri kuliko video mia. Jeshi halipandi punda kwa kupenda. Limepanda kwa sababu lori haliwezi kupita, na lori lisilopita halimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Juni 1 mwaka 2025 Ukraine ilificha droni ndani ya vibanda vya mbao juu ya malori, zikafunguliwa karibu na viwanja vya ndege ndani kabisa ya Urusi, kimoja huko Irkutsk, zaidi ya kilomita elfu nne kutoka Ukraine. Walisema wametumia droni 117 na kupiga ndege 41. Picha za setilaiti zilipotoka, maofisa wa Marekani wakakadiria ndege kama 20 zilipigwa na kama 10 ziliteketea. Wetu wa Urusi akaishika ile 10 kama mtu aliyeokota pochi: "Waongo! Arobaini na moja iko wapi?" Nikamwambia hata kumi ni msiba, maana ile ndege ya mabomu, Tu-95, kiwanda chake kiliacha kuitengeneza zamani, aliyefariki hana mrithi. Na tangu siku ile ni kila lori linalopaki karibu na uwanja wa ndege wa Urusi linalotiliwa shaka. Hilo setilaiti haipigi picha.

Ukweli ni kwamba siku hizi video zenyewe nimepunguza. Kuna moja ilinifika ya kijana amelala kwenye majani, amechoka kukimbia, anaitazama droni inavyomtazama. Sikusubiri chenga. Nilisema inna lillahi, sijui ni wa upande gani. Wazee walikuwa wakisema pale Shela, upepo ukihamisha mchanga, mifupa ya vita vya mwaka 1812 ilikuwa ikitoka juu, ya watu wa Pate na Mombasa waliokuja kutupiga na labda ya watu wetu pia. Mfupa hauvai bendera. Na Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi, wengi kwa ahadi za kazi. Sijui daftari lipi litawaandika hao.

Kitu pekee cha vita hivi ambacho wavuvi wa banda letu walikitaka kwa undani ni mshipi na nyavu. Mitambo ya kukata mawimbi ilipokuwa mingi, droni zikaanza kufungwa uzi mwembamba wa faiba, kilomita kumi hata ishirini, unaofunguka kutoka kwenye bobini huku droni inaruka, na rubani anaiongoza kwa uzi huo, pasiwe na mawimbi ya kukatwa. Nilipowaonyesha walielewa mara moja, kuliko nilivyoelewa mimi. "Ni mshipi huo," mmoja akasema, "ila samaki ndiye anayeushika." Nikawaonyesha na dawa yake: barabara za Ukraine zimefunikwa kwa nyavu, juu na ubavuni, kilomita kwa kilomita, ili droni inase kabla haijafika kwenye gari. Nyingine ni nyavu chakavu za uvuvi, zimetolewa na wavuvi wa Ufaransa na Denmark.

Mzee mmoja mvuvi wa jarife, wavu wa samaki wakubwa, ambaye miaka yote ya ubishi hajawahi kuuliza nani anashinda, akaichukua simu kwangu. Akaisogeza karibu na uso, akaitenga mbali, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka fundo moja la wavu likajaa kioo.

"Mato yake," akauliza, "inchi ngapi?"